Babu yangu angali na vigango na koma uani. Je, nivichome?

Swali: "Mchungaji, shikamoo. Nina miaka 26, nafanya kazi Mombasa, na nimeokoka miaka miwili sasa. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na babu huko Ganze. Nyuma ya nyumba yake kuna vigango viwili na koma kadhaa, miti iliyosimamishwa kwa ajili ya wazee wetu waliokufa. Kila msimu wa kupanda babu huwamwagia wafu hao pombe ya mnazi na unga, na mwaka ukiwa mbaya huchinja mbuzi. Kundi letu la maombi limepanga kwenda kwake usiku wa kesha la Pasaka tuving'oe na kuvichoma, kama Gideoni. Mwenzetu mmoja anasema vigango tusivichome, yuko mtu wa kuvinunua. Mimi nimeacha kumtumia babu pesa tangu Desemba kwa sababu ndizo zinazonunua mbuzi. Nikimweleza habari za Yesu hukasirika, husema, 'Mulungu nilimjua kabla hujazaliwa.' Je, nikiwazuia wenzangu nitakuwa nimemwonea haya Kristo? Na nikila nyama ya mbuzi yule, nimeabudu sanamu? Kundi limenipa kitambaa cha upako nikiweke mfukoni siku hiyo kwa ulinzi."

Marahaba, mwanangu. Nianze na lisiloweza kungoja: waambie wenzako wasiende. Waambie leo, kabla nauli haijachangwa. Ukishafanya hivyo, rudi usome yaliyobaki taratibu.

Naanzia hapo kwa sababu umetaja Ganze. Unajua, kama ninavyojua mimi, kwamba katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamekimbia miji yao wakapewa hifadhi Kaya Godoma, hukohuko Ganze. Mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta ugomvi wa shamba. Sasa fikiria: vijana kumi na zaidi kutoka Mombasa wanaingia uani kwa mzee usiku, wanaimba, wanakemea, wanawasha moto. Majirani watasema nini kesho yake? Hawatasema babu ameombewa. Watasema, "Hata mjukuu wake mwenyewe amethibitisha." Ninyi mtapanda matatu alfajiri mrudi mjini, na yeye atabaki na jina hilo peke yake, pengine na mtu aliyekuwa anatafuta sababu siku nyingi.

Jambo hili silisemi kwa kusikia. Nilipokuwa kijana wa miaka 23, mwinjilisti mwenye bidii kuliko elimu, tulikwenda kwa bibi mmoja mjane tukamwambia atoe vitu vya giza. Alikubali. Leo najua alikubali kwa sababu sisi tulikuwa kumi na mmoja mlangoni, naye alikuwa peke yake. Tulitoa kibuyu kidogo cha dawa, shingoni kimezungushiwa shanga nyeupe na nyekundu, tukakitupa motoni. Kilipasuka kwa mlio mkali na sisi tukapiga makofi na vigelegele. Bibi alisimama kando ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Jumapili tulitoa ripoti kanisani kwamba nafsi moja imefunguliwa. Wiki ileile watoto wakaanza kumwita mchawi njiani akienda kisimani, na kabla ya mwaka kwisha wanawe walimhamishia mbali, kwa binti yake. Hakukanyaga kanisa tena. Nilimwendea baadaye kumwomba radhi. Alinipikia chai, akanisamehe kwa mdomo, lakini nilipofungua Biblia aliniambia kwa upole kwamba macho yanamuuma. Hayo ndiyo matunda ya moto ule.

Tuje kwenye Gideoni, maana ndiye mliyemshika. Ni kweli, Waamuzi 6 inasema alibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake, tena usiku. Lakini Gideoni aliambiwa na Bwana mwenyewe, kwa kinywa, kuhusu madhabahu ile. Na nyumba ile ilikuwa nyumba ya Israeli, watu waliokwisha kula kiapo kwamba hawatakuwa na mungu mwingine. Babu yako hajaapa kiapo hicho. Hujawahi kumwona akibatizwa halafu akarudi nyuma. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kuvunja ndoa ambayo hajafunga.

Tena msiishie sura ya 6. Endeleeni hadi ya 8. Huyuhuyu Gideoni, baada ya ushindi, alikusanya pete za masikio za dhahabu zilizotekwa, uzito wa shekeli 1,700, akatengeneza efodi, vazi la kikuhani, na kuiweka mjini kwake Ofra. Israeli wote wakaigeukia kwa ibada, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Mtu aliyeng'oa sanamu ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe ndiye aliyewaachia wanawe nyingine. Kila nikisikia vijana wakitaja Gideoni na moto, huwauliza kama wamefika sura ya 8.

Moto mwingine wa kweli uko Matendo 19, Efeso. Pale vitabu vya uganga vilichomwa hadharani, na Luka akaandika thamani yake: vipande vya fedha 50,000, na kipande kimoja kilikuwa karibu ujira wa kibarua wa siku. Lakini tazama ni nani aliyevileta. Ni wenye vitabu wenyewe, waliokwisha kuamini, wakaja wakiungama na kudhihirisha matendo yao. Paulo hakuingia nyumba ya mtu. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa anafundisha tu, watu wakasikia, na siku mioyo ilipogeuka mikono ikafungua makabati yenyewe. Na mwisho wa sura hiyohiyo, ghasia za wafua fedha zilipozuka, karani wa mji, mtu asiyeamini, aliwatetea Wakristo kwamba hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wao mke. Paulo alikaa muda wote ule katika mji wa Artemi, akihubiri kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, na bado mpagani aliweza kusimama akasema, "Hawakututukana." Mwanangu, karani wa Efeso angekuja Ganze siku ya kesha lenu, angeweza kusema hivyo?

Kuhusu huyo mwenzenu aliyepata mnunuzi, nitasema waziwazi: huo ni wizi, na jina la Yesu lisitumike kuufunika. Vigango vyetu vimeibwa miaka mingi, na mara nyingi mikono ya kwanza kuving'oa imekuwa ya vijana wa hukuhuku wanaotafuta pesa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa familia moja ya Wamijikenda vilikuja kuonekana katika makumbusho za Marekani, vikarudishwa Kenya mwaka 2007. Mwenye navyo alikuwa amekwisha kufa. Paulo aliuliza swali katika Warumi 2:22 ambalo naona kama liliandikwa kwa ajili ya kundi lenu: "Wewe uchukiaye sanamu, je! wateka mahekalu?"

Sasa pengine unadhani nataka kukuambia kwamba koma si kitu, ni utamaduni tu. La. Hapo nami nasimama mahali pagumu.

Kigango ni mti uliochongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima wa Kigiriama, na kumkumbuka aliyekufa si dhambi. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, na sisi Wakristo hujenga makaburi ya saruji na kuandika majina. Kama kigango kingekuwa ukumbusho basi, nisingekuwa na neno. Lakini wewe na mimi tunajua ya nyuma ya nyumba. Mtu huota baba yake aliyekufa akilalamika baridi, asubuhi hutafutwa kitambaa kikafungwa kwenye shingo ya mti. Mvua ikichelewa, mnazi humwagwa na wafu huombwa. Mtoto akiugua, swali la kwanza ni nani ameudhika. Kuomba mvua, uzima na ulinzi kwa waliokufa ni kuwapa kilicho cha Mungu aliye hai. Sitalilainisha hilo ili nionekane mtu wa watu. Babu yako anaishi na hofu, na ukimsikiliza vizuri utaisikia: anaogopa kusahau, anaogopa kuudhi, anaogopa kufa bila mtu wa kumwagia. Injili ina neno kwa hofu hiyo, na neno hilo ni jema sana kiasi kwamba ni hasara kulifikisha kwa kiberiti.

Soma 1 Wathesalonike 1:9 polepole: "jinsi mlivyomgeukia Mungu mkaziacha sanamu." Angalia lililotangulia. Waligeuka wakamwona Mungu, na mikono ikaachia. Mtu aliyeshika kamba akiwa kisimani hawezi kuiacha kwa kupigiwa kelele, ataiacha akishikwa na mkono wenye nguvu zaidi. Ninyi mlitaka kukata kamba kwanza.

Na hapa nikugeukie wewe. Umesema umepewa kitambaa cha upako ukiweke mfukoni kwa ulinzi. Babu anafunga kitambaa kwenye koma ili asidhurike, nawe unatia kitambaa mfukoni ili usidhurike ukienda kumwondolea chake. Niambie tofauti iko wapi. Najua utanionyesha Matendo 19:12, leso zilizotoka mwilini mwa Paulo. Lakini Mungu alifanya hivyo kwa wagonjwa, kwa siku zile, kwa kupenda kwake. Hakuna palipoandikwa kwamba leso ziligawiwa waumini watembee nazo. Mistari inayofuata ndiyo habari ya wana wa Skewa, waliotaka kulitumia jina la Yesu kama dawa, wakatoka mbio uchi na majeraha. Hata nyoka wa shaba, ambaye Mungu mwenyewe aliamuru atengenezwe jangwani, ilibidi Hezekia amvunje vipande vipande, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Kitu kitakatifu cha jana kinaweza kuwa hirizi ya leo. Ezekieli 14 inataja wazee waliokuwa na vinyago mioyoni, na hao hawakuonekana na nguzo yoyote uani. Na sisi wa Kilifi, baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa msitu wa Shakahola tangu mwaka 2023, hatuna ruhusa tena ya kudhani kwamba sanamu ni miti ya wazee tu. Mhubiri naye huweza kuwekwa mahali pa Mungu, na akawameza watoto.

Kwa hiyo kitambaa hicho kirudishe. Kama unatafuta kitu cha kuchoma, hicho ni chako na mamlaka juu yake unayo. Ukifika kwa babu unaweza kumwambia, "Babu, nami nilikuwa na changu, nikakiacha, na hivi ndivyo nilivyoogopa usiku ule." Waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikuwa na desturi hiyo ya kuanza na dhambi zao wenyewe hadharani kabla ya kugusa za mwingine. Babu atakusikiliza ukisema yako.

Kisha pesa. Hili limenihuzunisha kuliko vigango. Tangu Desemba mzee aliyekulea halipwi hata unga, kwa jina la utakatifu. Marko 7 ina watu wa namna hiyo, waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, basi baba na mama hawapati kitu. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Kama unaogopa pesa kununua mbuzi, basi nunua mwenyewe: magunia ya unga, dawa zake, mabati, ada ya kliniki. Peleka kwa mkono wako. Mwombe na radhi kwa miezi iliyopita, bila "lakini".

Kuhusu nyama, jibu liko 1 Wakorintho 10 na si refu. Ukikuta kitoweo mezani siku ya kawaida, kula ushukuru, usiulize mbuzi alichinjwa wapi. Siku ya tambiko lenyewe, au ukiambiwa kwamba hii ni ya koma, usile, si kwa sababu nyama ina sumu bali kwa sababu wote mezani wataelewa kwamba umeshiriki. Ila usikatae kwa kununa. Nenda siku moja kabla, umwambie faraghani: "Babu, kesho sitakula ile, mimi ni wa Yesu, lakini kuni nitapasua leo na maji nitachota." Njoo na kuku wako na sukari. Mzee wa Kigiriama anaweza kuvumilia mjukuu mwenye msimamo. Asichovumilia ni mjukuu asiye na adabu, na hapo yuko sawa na amri ya tano.

Sasa Injili yenyewe. Babu amesema, "Mulungu nilimjua kabla hujazaliwa," nawe ukaona amekufungia mlango. Mimi naona ameufungua. Kule Athene, Luka anasema roho ya Paulo ilichukizwa alipoona mji umejaa sanamu. Aliposimama kusema, hakuanza na machukizo. Alianza na madhabahu moja iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana," akasema huyo ndiye nitakayewahubiri, na akaongeza kwamba hawi mbali na kila mmoja wetu. Mjibu babu hivi: "Ni kweli, wewe ulimjua kabla yangu. Ulinifundisha jina lake. Ninyi wazee mlisemaje, kwa nini hamumwendei mwenyewe moja kwa moja?" Halafu nyamaza. Mwache aeleze. Atakuambia pengine kwamba Mulungu ni mkubwa, yuko mbali, mtu mdogo huenda kupitia walio karibu, na walio karibu ni wazee waliotangulia. Hapo ndipo kwenye 1 Timotheo 2:5: mpatanishi ni mmoja, Mwanadamu Kristo Yesu. Sikiliza neno "Mwanadamu". Babu anatafuta mtu wa ukoo, aliyekwisha kuonja kifo, anayeweza kusema mbele ya Mungu kwa niaba yake. Tunaye. Alikufa, akafufuka, na Waebrania 7:25 inasema yu hai sikuzote ili awaombee. Hahitaji kitambaa kwa sababu hasikii baridi. Hamwudhikii mzee aliyesahau kumwagia. Yeye ndiye aliyemwaga, na alichomwaga ni damu yake, mara moja. Mwambie babu hayo kwa Kigiriama, si kwa Kiswahili cha mahubiri ya Mombasa. Maandiko ya Kigiriama yapo. Msomee Luka 15, baba aliyemkimbilia mwana, kisha funga kitabu.

Usiombe akuamini siku hiyo. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akamzika mkewe na mtoto mchanga. Mwenzake Rebmann akamfuata, wakafungua kituo Rabai mwaka 1846. Rebmann alikaa pwani hii hadi 1875, karibu miaka 29, akaondoka kipofu, na waliokuwa wameamini aliweza kuwataja kwa majina, walikuwa wachache kiasi hicho. Nenda leo Rabai Jumapili asubuhi uhesabu. Wewe una miaka miwili, nawe unataka kumaliza usiku mmoja.

Umeuliza kama kuwazuia wenzako ni kumwonea haya Kristo. Kumwonea haya ni kukaa kimya babu anapokuuliza kwa nini hushiki kibuyu. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu." Upole nao umo katika amri. Kwa wenzako, wape kazi nyingine: wafunge na kumwombea mzee kwa jina lake, kila Ijumaa, hukohuko Mombasa.

Ikitokea siku babu mwenyewe akasema, "Mjukuu, hivi sivitaki tena," usikimbilie moto hata hapo. Waite wanawe na wazee wa mji, kwa kuwa koma si zake peke yake, zina ndugu. Aseme kwa kinywa chake mbele yao, mchana, ili pasiwe na mnong'ono. Nyumba ya Yakobo ilipotoa miungu yao, walimkabidhi mikononi, naye akaifukia chini ya mwaloni huko Shekemu. Kufukia kwatosha. Na ikiwa hatasema hivyo kamwe, bado ni babu yako na bado anakudai Injili kila Pasaka.

Mvua za masika ziko karibu, naye atakuwa shambani. Omba ruhusa kazini siku mbili, uende peke yako, na mchana. Kabla ya kupanda, mwombe umwombee mvua kwa jina la Yesu palepale kwenye matuta, kwa sauti, akisikia. Usimwahidi itanyesha, kuahidi ni kazi ya mganga. Akikataa, mwulize mbegu za mwaka huu amezipata wapi, uchukue jembe lililo karibu, uanze mstari wa pili kando ya wake.